Kumbukumbu za Kikao cha Wajumbe

Ajenda ya kwanza, chai.
Naiandika kwa sababu ilikuwa ya kweli:
birika la Dilmaya, sukari ya kukopa,
vikombe kumi na tisa kwa wajumbe sitini na mmoja.

Ajenda ya pili, jina.
Tulichukua kopo la maziwa ya unga, tukalitoboa kwa kisu,
na kila mmoja akaenda nyuma ya pazia la darasa la tatu,
akarudi akijipangusa mikono kama aliyetoka jikoni.
Nilihesabu mimi. Kharkabir akahesabu nyuma yangu.
Sanumaya Thami, arobaini na moja.
Dhirendra mkandarasi, kumi na saba,
licha ya mabati aliyogawa.
Tatu ziliharibika; moja mtu alichora nyati.

Sanumaya hakusema mengi.
Alisema daraja la Tamakoshi lisingoje mwingine afe.
Kisha akaaga, akapanda mlima kwenda kukamua,
maana mnyama hajui habari za kikao.

Bahasha ilipanda basi la alfajiri kwenda Kathmandu.

Siku kumi na moja.
Mvua ilishuka mara mbili, ulezi ukalala.
Jibu likaja kwa simu, picha ya karatasi,
mhuri umepinda, jina limenyooka:
Prabhakar, mkwe wa mweka hazina,
ambaye huku kwetu amewahi kupita,
juu, kwa helikopta, akienda kupiga picha theluji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu, siku ya kwanza tu, tumempa jimbo.

Nikampigia mkubwa wa wilaya.
Akasema: Kamati Kuu imetafakari.
Nikasema: imetafakari nini, na kopo ninalo mimi?
Akacheka vizuri, taratibu,
kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke.

Mimi nilikuwapo mwaka wa marungu.
Nina pengo la jino kwa ajili ya kura.
Tulimwambia mfalme: hesabu watu.
Akashuka.
Kile kiti, nikikumbuka sasa, kilibebwa na wanaume wanne,
nasi tulikuwa tunacheza barabarani,
hakuna aliyeuliza kinapelekwa ofisi gani.

Jana kaja. Magari matatu, vioo vyeusi.
Shada la maua ya manjano lilishashonwa
kwa ajili ya shingo nyingine;
wakamwomba Sanumaya amvike, kwa ajili ya umoja.
Alimvika.
Lilimbana kidogo kidevuni.
Watu wakapiga makofi yale ya kukung'uta vumbi.
Dhirendra alipiga kwa nguvu; keshapewa barabara.

Sasa ni usiku, naandika.
Maneno wameniletea yenyewe, nijaze tarehe tu:
"Wajumbe waliafiki kwa kauli moja."
Kweli ilikuwa moja.
Ilitoka mbali kutufikia.

Tarehe nimeandika.
Chai nimeandika.
Vikombe kumi na tisa, nimeandika kwa tarakimu na kwa maneno.
Pale pa kauli nimeacha mstari mtupu,
kalamu imelala juu yake, na wino unakauka.
Kopo liko hapa mezani. Mke wangu analitaka la chumvi.
Nimemwambia angoje,
bado lina watu ndani.