Ngiri

Kwa lugha yetu ngiri ni mnyama, na ngiri ni maradhi.
Nilipomweleza nesi Glenys, kliniki ya Hull,
alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.
Yule wa porini ana pembe, nikamwambia.
Wangu hana. Amelala ubavu wa kushoto,
kajikunja nyuma ya kidomo chekundu
nilichotobolewa tumboni mwaka ule wa saratani,
na nikikohoa, anageuka.

Miaka miwili maji yalinisikiliza.
Siku moja ndiyo, siku moja hapana,
saa kumi na mbili asubuhi, barafu kiooni,
natundika mfuko kwenye msumari nyuma ya mlango,
usawa wa bega, si juu zaidi.
Maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto.
Napima kwa kiwiko.
Yanaingia kinyumenyume, yanakaa,
yanarudi na mzigo wake.
Saa nzima, redio chini chini, blanketi mabegani.
Kisha siku mbili mimi ni mtu kama watu:
kitambaa kidogo tu juu ya kidomo, bila kifuko,
bila mngurumo mbele ya watoto wa shule
ninaowapakulia viazi.

Ngiri alipokuja, maji yakanisusa.
Yaliishia mlangoni, yakanirudia mapajani,
yakalowesha zulia la Shaweji, mwanangu.
Au yaliingia yote, yakanyamaza,
yakajitokeza saa tano, mbele ya sufuria ya maharage.
Siku ile nililia ndani ya stoo ya unga.

Glenys huniita Kombo.
Mwanakombo humshinda, hulikata katikati,
nami sikumsahihisha. Si ndiyo hali yenyewe?
Utumbo umekwenda kombo. Alinichorea:
mpira wa bustani uliokanyagwa.
“Wengine huacha,” alisema. “Kuacha si kushindwa.”
“Na wengine?”
“Hupunguza maji. Hubadilisha pembe ya koni.
Hawalazimishi. Ukisikia maumivu, simama, unipigie.”
Pembe tena! Nilitabasamu peke yangu ndani ya basi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, husemwa.
Changu kimoja, na glavu, na mafuta,
kiliingia taratibu kuuliza njia.
Haikuwa mbele tena kama zamani.
Imehamia juu, kuelekea kwapani,
kama jirani aliyehama usiku asiage.
Nikaegemea nyuma, mgongo kwenye tangi la choo,
kiganja kikimtuliza ngiri,
koni ikielekea kule kidole kilikoelekeza.
Nusu ya maji. Vali wazi kidogo tu.

“Mama, uko salama?” Shaweji, mlangoni.
“Niache. Niko na mnyama wangu.”

Ngiri wa porini haingii shimoni kwa kichwa.
Hufika mbio, hugeuka, hutanguliza makalio,
uso ukibaki nje kumtazama anayemfuata.
Utotoni tulimcheka.
Leo, mtu mzima, nguo magotini,
nikiwa nimekodolea macho vigae vyeupe,
nimemwelewa: kuna nyumba ambazo
huingiliki ila kinyumenyume,
na bila haraka.

Kisha nikasikia ndani, mbali,
maji yakipokelewa.

Sasa ni dakika sabini, si hamsini.
Mkanda mpana naufunga nikiwa nimelala,
kabla hajaamka.
Sufuria kubwa anainua Denise,
na haniulizi.

Ijumaa maji yalikataa.
Nikavaa kifuko, nikaenda kazini, viazi vikaliwa.
Jumapili yalikubali.
Leo sijui.
Lori la taka linapita, taa za bafuni zinawaka,
mfuko uko kwenye msumari wake.
Napima kwa kiwiko.