Dirisha la Fundi Viatu

Duka langu limezama nusu ardhini,
dirisha liko sawa na njia ya waenda kwa miguu.
Miaka kumi na tisa hapa Panevėžys
sijamwona mteja uso kabla ya kisigino.
Huyu soli yake huliwa upande wa nje: ana ugomvi na saa.
Yule huburura: anadaiwa.

Mwezi wa tano akaja Skirmantė,
raba zake zina madoa kama mayai ya kwale.
Akapiga magoti mbele ya kioo changu siku tatu,
uso wa kwanza kushuka hadi dirishani,
ulimi nje kidogo, kama mtoto ajifunzaye kuandika.
Alipoinuka, mawe ya kijivu yalikuwa bwawa:
mayungiyungi saba, na samaki mmoja
mrefu kama benchi la kituo cha basi,
mgongo wa kijani umeinuka
utadhani anataka kupumua.

Asubuhi yake viatu vikasimama.
Nasema vikasimama,
kwenye mtaa ambao mtu husimama
kufunga kamba tu.
Buti za mjenzi zilionja ukingo kwa ncha,
kama ng'ombe asiyeyaamini maji.
Mchuchumio mwekundu ukamkanyaga samaki mgongoni,
ko, ko, ko, ukaenda zake kazini.
Viatu vya Dovas, namba ishirini na sita,
viliruka kutoka ua hadi ua,
na alipokosea akapiga yowe
la mtu aliyelowa kweli.

Sapatu za Bibi Bronė wa ghorofa ya pili
zilibaki mbali, vidole vimekunjana ndani ya soksi.
"Fedha za manispaa!" sauti ikashuka.
"Ngazi zetu hazina taa tangu Pasaka,
nao wanatufugia samaki wa kuchora."
Sikumlaumu. Ngazi ile
mimi pia huipanda kwa kupapasa.

Mtu akaandika barua. Mwingine usiku
akammwagia samaki bia jichoni.
Akaja Žygimantas wa manispaa,
viatu vyake nilivitia soli mwenyewe,
akasugua rangi kwa wayo, akatamka:
mvua ikinyesha, watu watavunjika nyonga.
Mvua ikanyesha.
Aliyeteleza ni mmoja,
naye alikuwa akirudi nyuma apige picha.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, husema watu.
Ilipofika mwezi wa tisa upya uliisha,
na kinyemi, na hata kidonda.
Hakuna aliyesimama, hakuna aliyetukana.
Lakini kwenye meza yangu
nilianza kukwangua kijani.
Kwenye nyufa za soli, chini ya vyuma vya visigino,
samaki alikuwa anakuja kwangu
gamba baada ya gamba.
Sapatu za Bibi Bronė zilipoletwa kushonwa
nazo zilikuwa nalo, gamba, kisigino cha kulia.
Sikumwuliza alipita pale lini.
Nilishona. Gamba nikaliacha.

Mwezi wa kumi na mbili theluji ikalala usiku kucha
bila kuomba ruhusa ya manispaa.
Nilifungua mapema. Njia nyeupe tupu,
bwawa hakuna, samaki hakuna,
na nyayo za kwanza zilikuwa zimeshapita.
Zilitoka mlango wa kushoto, zimenyooka,
zikafika pale,
zikakunja.
Buti za mjenzi: zimekunja.
Vitundu vya mchuchumio, ule ule: vimekunja.
Nyayo fupi, na tobo la fimbo kandoni,
zimezunguka mbali zaidi kuliko zote.
Katikati pamebaki umbo
refu kama benchi, halijaguswa.

Nilikuwa na misumari mdomoni, nyundo juu.
Ndipo vikaja viatu vidogo,
namba ishirini na saba sasa,
vikasita ukingoni,
vikaruka ndani.