Gundi Haijakauka

Najalidi tasnifu. Kibanda changu kiko Kondele,
nyuma ya duka la mbolea, mlango wa bati,
meza moja, kisu kimoja, sindano ya magunia,
majalada meusi ya uzamivu, mekundu ya uzamili,
na herufi za dhahabu ninazozigonga moja moja
mpaka jina la mtu liwake.

Shule niliiacha mapema. Lakini mshonaji
hashoni kurasa asizozihesabu,
na anayehesabu husoma kidogo,
na anayesoma kidogo hunogewa.

Wiki hii zimeletwa nne.
Makhulo wa jiografia: pepo za miaka kumi,
vishale juu ya ramani ya ghuba,
kuanzia Machi vyote vimeelekea Dunga,
na gugumaji nyuma yake, kundi lisilo na mchungaji.
Chepng'eno wa zuolojia: kaling'oa gugu hilohilo,
kapekua mizizi kwa koleo na subira,
konokono arobaini na mmoja kwenye shina moja.
Kerubo wa tiba: vikopo vya kinyesi
vyenye namba badala ya majina,
mayai ya kichocho chini ya darubini,
watoto mia mbili na sita.
Odera wa elimu: madaftari ya mahudhurio, shule tatu,
muhula wa pili umejaa vitone vyekundu.
Hitimisho lake: wazazi hawathamini masomo.

Na kila mmoja, sura ya tano, mstari wa mwisho:
*utafiti zaidi unahitajika.*
Kila mmoja amesimama mlangoni pa mwenzake
asibishe hodi.

Usiku nikazipanga mezani, taa katikati.
Upepo huleta gugu.
Gugu hubeba konokono.
Konokono humwaga maradhi majini,
mtoto huingia majini,
wiki kadhaa, na mtoto haingii darasani.
Nikacheka peke yangu
kama aliyeokota noti kwenye koti kuukuu.

Kisha nikajiambia: Akeyo, polepole.
Kupita uzi hakuzifanyi kurasa kuwa kitabu.
Mwaka juzi, umeme ukiwa umepotea,
nilijalidi sheria ya mirathi pamoja na ufugaji wa nyuki.
Vilishikana vizuri ajabu.
Gundi haijui ukweli.

Nikamrudia Odera, ukurasa wa tisini na mbili.
Shule yake ya tatu iko Kajulu, juu mlimani;
watoto wa huko ziwa hulitazama kwa mbali tu,
na wao pia wana vitone vyekundu,
vichache, lakini vipo.
Huko ni nini? Njaa? Karo? Palizi?
Tena Kerubo hakuwauliza watoto wake
walioga wapi, wala lini.
Basi mnyororo wangu una pete zilizofungwa
na pete ninayoibana mimi kwa vidole
kwa sababu naipenda.

Nani nimwambie? Mimi wa gundi.
Nikimwandikia profesa, atauliza idara yangu.
Nikaandika ujumbe mmoja, nikautuma mara nne:
*Jumamosi saa nne kamili. Usichelewe.*

Wamekuja. Benchi langu ni moja, lilikuwa la kanisa,
linakaza watu wanne bega kwa bega.
Nimewaambia gundi haijakauka.
Ilikauka Alhamisi.

Simu mkononi, macho chini, kimya cha wasomi.
Odera anaangalia saa.
Vitabu nimevilaza mezani, migongo yao nje,
dhahabu ikiwatazama.
Nimewapa kisogo, nanoa kisu kilicho kikali tayari,
nahesabu pumzi kama ninavyohesabu kurasa.

"Konokono?" namsikia Makhulo.
"Konokono wa wapi?"

"Wa Dunga," anasema Chepng'eno. "Kwa nini?"

Kerubo anazima simu.