Sindano Bila Uzi

Mama aliniuliza swali moja tu,
kofia ya viua imelala mapajani mwake, nusu imekwisha:
"Sindano isiyo na uzi, Shaame,
inashona nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na paja.
Paja la kulia, msuli wa nyuma,
uliokatika. "Uliochanika kidogo," alinisahihisha Bikombo,
nesi, mtu wa kupima maneno.
Dakika ya thelathini na nane, Gombani,
nikimkimbiza beki wa Mtambile
ambaye, wallahi, sikuwa na haja ya kumkimbiza.
Mpira ulishatoka nje.

Tiba zilinijia kwa zamu:
Ami Faki na mafuta yake ya karafuu,
jirani na barafu kwenye mfuko wa maziwa,
Kocha Asaa na kauli yake ile moja: "Jikaze!"
Nikajikaza wiki tatu.
Msuli nao ukajikaza.

Jumatano nikaupanda mlima wa Mkoani
kwa mguu mmoja na nusu.

Chumba kidogo. Feni inalia upande mmoja.
Daktari Lian ana Kiswahili cha maneno kama arubaini,
kumi kati yao majina ya samaki.
Alisema: "Lala." Alisema: "Pumua."
Akaupapasa mguu kwa kidole gumba
kama mama apapasavyo kitambaa kabla ya kukichora.

Nikaiona: nyembamba kuliko sharubu la paka,
haina tundu, haina bomba.
"Imo dawa gani?" nilimuuliza Bikombo.
"Hamna kitu. Chuma tu."
"Basi nimekuja kuchomwa chuma?"
"Umekuja kulala kimya dakika ishirini,
jambo ambalo kwenu limewashinda."

Ya kwanza nyuma ya goti. Sikuisikia.
Ya pili kando ya kifundo. Sikuisikia.
Ya tatu, pale pale penyewe,
haikuuma, iliita:
uzito fulani, wa ndani, wa polepole,
kama mtu kabisha hodi kwenye nyumba uliyoijua ni hame,
na baada ya muda
akaitika mtu.

Kumi na moja zikasimama mguuni
kama vijiti vya muhogo vilivyopandwa jana.
Nje kulikuwa na makonyo juani, harufu ikapita dirishani.
Nikamfikiria mama.
Nimekulia chini ya sindano yake,
tobo kwa tobo, miezi minne kofia moja,
na sijapata kumuona akiisukuma kwa nguvu.
Nguvu, husema, huvunja sindano
na kitambaa kisijue.
Mimi mpira nimeucheza kwa nguvu tu.

Daktari akanionesha vidole kumi: siku kumi, hakuna kukimbia.
Nikamkunja viwili.
Akavikunjua.

Nilikwenda mara sita. Sitakwambia niliamka swala.
Kama ni chuma, kama ni usingizi,
kama ni kule kukatazwa mbio,
Bikombo mwenyewe hupandisha mabega:
"Vyote vimekula sahani moja."

Mechi ya marejeo niliingia dakika ya sabini.
Nilikwenda mbio pembeni mara nne.
Ya tano nikasimama mwenyewe,
kabla msuli haujasema neno.
Kocha akapiga kelele. Nikainua mkono: nitoe.
Tulifungwa, moja bila.

Usiku mama alinipa sindano nimtilie uzi,
macho yake siku hizi hayaoni tundu.
Nilimsimulia yote, nyumba hame, vidole kumi.
Alishona mstari mzima bila kusema.
Kisha akaukata uzi kwa meno,
akalizungusha bega lake la kulia, likalia kama bawaba.
Miaka thelathini ya kofia.

"Huyo Mchina wako," alisema, haniangalii,
"mabega anayajua?"