Mizunguko Themanini

Mwezi wa tatu ghala la Kibaigwa halina hata gunia,
panya wenyewe wamehamia madukani.
Nje upepo wa Kongwa unachapa mabati,
ndani hewa imetulia kama maji ya mtungi.
Ndiyo tunayoitaka.

Mjomba Sekwao, mwenye funguo, anasema:
Nusu saa. Na msije mkanifanya niulizwe.

Chidumizi ana kekee ya mkono, ya useremala,
mdomoni mwake ndoano ya spoki ya baiskeli.
Mimi nashika ncha ya pili.
Mpira ni ule wa zahanati, wa kufungia mkono
sindano inapotafuta mshipa;
tumeuchana kwa wembe, upana wa punje ya uwele,
tukaupaka mafuta ya nyonyo hadi ukateleza kama kambale.

Kwanza unauvuta. Watu hawajui hili.
Unauvuta mara tano ya urefu wake,
hadi uwe uzi, uwe mweupe, karibu usionekane,
ndipo unasokota.
Akifika mia nne napiga hatua kumwendea,
mia sita, hatua nyingine,
kama watu waliogombana wanaopatana bila kusema.

Fundo la kwanza linajikunja, linafuatwa na jirani yake,
safu nzima, kama nywele za kipilipili.
Halafu mafundo juu ya mafundo.
Hapo kidole kinasikia: mpira unaanza kukataa.

Elfu moja mia mbili, nasema, inatosha.
Chidumizi hajibu. Yeye ni wa mia moja zaidi siku zote,
ndiyo iliyompeleka Mererani, akarudi na kikohozi.
Mipira mitatu imeshamkatikia usoni;
ana mstari chini ya jicho, anauita cheo.

Safari hii nikamshika mkono.
Tukarudisha hamsini, mmoja mmoja,
kama mtu anayerudisha chenji aliyozidishiwa.

Ndege yenyewe: mbavu za kiini cha bua la mtama,
ngozi ya nailoni ya maandazi. Ukipumua vibaya, imeondoka.
Hakuirusha. Aliiachia tu,
ikapanda duara juu ya duara,
pangaboi likienda taratibu hadi unahesabu mapigo,
ikawapita njiwa, ikafika kwenye kenchi,
ikanasa kwenye utando wa buibui.

Kwa hesabu yangu ilibaki na mizunguko themanini tumboni.
Ngazi hatuna. Mjomba anatikisa funguo.

Mwezi wa sita, malori.
Chidumizi akawa mpagazi, gunia la kilo mia mgongoni,
mimi naandika daftari la mzani.
Hatukuizungumzia.
Kila mmoja alimfuma mwenzake akitazama juu.

Jumanne moja lori likirudi nyuma likagonga nguzo.
Vumbi likamwagika, utando ukaachia,
na mpira, baada ya siku tisini, ukakumbuka.

Wapagazi kumi na wawili, mizigo mgongoni:
hakuna aliyetua, hakuna aliyetembea.
Ikashuka bila haraka yoyote,
ikauzunguka mlima wa mahindi, ikakaa juu ya mzani.

Mshale haukusogea.

Andika, Chidumizi akaniambia, jasho likimdondoka kidevuni.
Nikaandika tarehe. Nikaandika saa.
Safu ya kilo nikaiacha wazi.