Riali Tisa

Kumi na mbili, alisema kwa Kiarabu.
Nikanyoosha vidole vinane, kisha tisa,
begani sare za jikoni, viatu vya kazi;
meli inang'oa nanga saa kumi.

Akaafiki kwa kidevu.
Barabara ya kutoka Sib ni pana, imefagiliwa,
mitende imepangwa kama kwa rula,
joto limejilaza juu ya boneti.

Kwenye foleni ya Ruwi simu ikalia.
"Nimepakia bahili," akamwambia mtu,
"ana shingo kama ya twiga, kanikaba kwa tisa.
Kisamvu msinimalizie."

Kisamvu!
Nikageukia dirishani, nikahesabu majabali
huku nimeuma mdomo hadi Matrah,
hadi kile chetezo kikubwa kileleni,
hadi geti, na meli nyuma yake
kama mtaa mzima uliopakwa chokaa.

Nikampa kumi na mbili.
"Tatu za kisamvu. Twiga anakusalimu."

Akaushika usukani kwa mikono miwili.
"Mwana wa wapi wewe?"
"Tanga. Chumbageni."
"Mama yangu kazikwa Pangani."

Akazirudisha zile tatu: kisamvu hakiuzwi.
Akanibebea begi
mpaka mstari wa njano,
askari alipomwambia basi.