Uzi wa Kiberiti

Kiberiti cha gesi nilikifunga kwa uzi wa katani
kwenye dirisha la kibanda changu, Kariobangi Kusini,
kisiibwe.
Kilining'inia usawa wa kidevu cha mwanamume.
Miaka kumi na minne wateja walikiinamia
kama watu wanaomnong'oneza mtoto.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame, tulisema tukicheka.
Hatukuuliza cha uvunguni ni nini.

Niliuza moja moja.
Pakiti ni ya mwenye mshahara;
moja ni ya fundi, ya makanga, ya mlinzi atokaye zamu,
moja na pipi ya mnanaa, mke asijue.
(Mke hujua. Wangu alijua kwa kunusa mto.)
Mimi nilivuta ya kwanza kabla ya kufungua kufuli,
ya mwisho baada ya kulifunga,
za katikati sikuzihesabu.
Muuza mboga hula mboga, nilijitetea.

Jumatano ya juma la mitihani
nikasikia kreti ya soda ikiburutwa.
Nikachungulia.
Sare ya shule, soksi moja imeshuka:
Kilonzi wa Mutinda, gredi ya saba,
amepanda juu ya kreti
ili kidevu chake kiufikie moto wangu.

"Ni ya baba," akasema,
nayo iko tayari mdomoni mwake.

Baba.
Mutinda seremala, mbili kila alfajiri,
"nitalipa jioni," na jioni alilipa,
sikuwahi kumdai mara mbili.
Mutinda yuko wodi ya juu kule Kenyatta,
ana mpira puani, anavuta kutoka mtungini
kile ambacho sisi twapewa bure
hata hapa, kando ya mtaro.
Jumapili nilimpelekea machungwa.
Alitaka kuniambia kitu.
Kilichukua muda mrefu mno, kengele ya wageni ikalia.

Sikumpiga mtoto. Sikumhubiria.
Ningemhubiria nini, na kipande kiko nyuma ya sikio langu?
Nilichukua kisu cha mkate
nikaukata uzi.

Msinione shujaa.
Usiku ule nilifukua vipande jivuni kwa tochi ya simu.
Siku ya tatu nilimfokea mama aliyetaka sukari robo.
Mikono haikuwa na kazi; niliipa njugu,
ikamenya kilo nzima, sikula hata moja.
Siku ya tisa nilivuta. Nasema kweli.
Siku ya kumi nikaanza kuhesabu upya, moja,
mbele ya mke wangu, kwa sauti,
naye akaendelea kupanga nguo bila kugeuka.

Leo ni mia moja na sita.
Kikohozi cha asubuhi kimepunguza ukali.
Faida nayo imepungua; kodi ya Machi nililipa Aprili.
Vijana wa kona wameniita Pasta.
Kilonzi alizoea kupita ng'ambo ya barabara,
sijui kwa aibu
au kwa sababu kwa Nyaboke bado zinauzwa.
Juzi akavuka, akataka kalamu.
Niliinama karibu, kidogo tu, kunusa.
Akanishtukia. Akanipumulia usoni kwa nguvu zote:
maharagwe na kitunguu.
"Umeridhika?"
Nikamrudishia chenji nikiangalia pembeni.

Kipande cha uzi bado kinaning'inia dirishani.
Wanaume hukinyoshea mkono huku wakizungumza,
wakipapasa hewa.
Wengine hutukana, wengine hucheka,
kisha huelekea kwa Nyaboke, sigara haijawashwa.
Nimezihesabu: hatua sitini na tatu.
Jana mmoja alifika kama ya arobaini,
akasimama,
akaitazama ile sigara kwa muda.
Kisha mteja akaniita, anataka mkate,
na nilipogeuka tena
sikuona alikwenda upande gani.